Fundi na Kioo Chake cha Manjano

Mume wangu amechomelea mageti na madirisha tangu hajaota ndevu, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mama yake mzazi. Jambo moja alilijua kuliko yote: mwanga hula macho. Ukichomelea bila kioo cheusi, jioni yake unalia kama uliyemwagiwa mchanga. Kwa hiyo chuo cha ufundi kilipomchukua afundishe kwa miwani ya uhalisia pepe, lile dude linalofunika nusu ya uso, ukilivaa unajiona uko karakanani kumbe umesimama darasani mikono mitupu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kioo chake cheusi kiko wapi?"

Wakamcheka. Halafu mkuu wa karakana, mtu wa maneno matamu, akamletea kichujio cha mwanga wa buluu, vipande vya plastiki ya manjano vya kubandika ndani. "Hapo umemaliza, Fundi. Macho yako hayaguswi tena."

Basi, mwanamume akaamini. Akilivaa lile dude asubuhi, kulivua mpaka mchana. Anarudi nyumbani macho mekundu, kichwa kinamgonga. Nikimwambia nenda hospitali, anakuja juu: "Mama watoto, kati yangu na wewe nani anaujua mwanga? Nimeshauziba!" Akaanza kupita watu barabarani bila kuwasalimia. Majirani wakasema Fundi siku hizi anaringa, amepata kazi ya kiyoyozi. Nikagombana nao kweli kweli.

Alipojigonga kwenye gari lililoegeshwa, mchana kweupe, nilimburuta kwa daktari wa macho.

Daktari, dada mmoja mpole, alimpima, akampima tena. Akasema wekundu ule ni uchovu tu: mtu akikodoa kwenye dude lile anasahau kupepesa, macho yanakauka. Dawa yake ni kulivua na kupumzika, kichujio hakimsaidii lolote la maana. "Ila si hilo linalonitisha," akasema. Presha ya ndani ya macho ilikuwa imepanda muda mrefu, kimya kimya, na imeshamla uoni wa pembeni. Miwani haikuileta. Matone yatalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Angewahi, wangemwokolea kingi. "Na ndugu zake wa damu wapimwe," akaongeza, "maana ugonjwa huu hutembea kwenye familia."

Fundi akauliza, "Kwa hiyo ningebandika viwili viwili?"

Jamani! Nilitamani kulia, nilitamani kumzaba kofi.

Chuo kikampa mkono wa kwaheri, na kazi wakampa mdogo wake. Siku alipokuja kutujulia hali nilimkalisha kitini, nikamweleza yote ya daktari, neno kwa neno, nikamsihi akapime.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," akasema. "Kaka ameniachia kile kioo cha manjano. Mimi niko salama."

Na Fundi, ningemfanya nini, akaitikia kwa kichwa, kwa fahari kabisa. Nikaingia jikoni nikamimina chai, nikarudi nikasimama ubavuni pa shemeji yangu, nimemnyooshea kikombe. Akaendelea kuongea na kaka yake. Nikasubiri, mkono ukaanza kuniuma.

Mwishowe akapaza sauti kuelekea jikoni: "Shemeji, vipi, chai bado?"