Bibi Harusi Aliyecheka Bila Sauti

Mume wangu alikuwa akimtazama mwanamke mmoja akicheka. Mwanamke aligeuka, akacheka, akatoweka. Akarudi, akageuka, akacheka, akatoweka tena. Nilikuwa mlangoni na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Mume wangu alikuwa amevaa hedifoni, hakujua kama nimesimama pale. Chumbani hakukuwa na sauti yoyote ila feni ya kompyuta.

Tunaishi Lisekese, Masasi, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo studio yake. Anapiga video za harusi na za unyago, na anatengeneza zile picha zinazopita moja moja kwenye skrini ya ukumbini huku muziki ukilia. Ili kazi ipendeze, picha lazima ibadilike pale pale mdundo unapoanguka. Kwa hiyo nilijua kwamba fundi hurudia kipande kifupi hata mara kumi. Lakini yule mwanamke wa kwenye skrini, bibi harusi wa Newala, alikuwa amecheka tangu asubuhi, na kesho yake akacheka tena mpaka mchana. Kazi za watu wengine zilikuwa zinasubiri.

Nikaanza kumchunguza. Ukishaanza kumchunguza mtu, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Nikimwita kutoka jikoni, haitiki. Simu ikiita, haipokei. Anasubiri ikatike, kisha anaandika ujumbe huku ameinamisha kichwa. Tukitoka kwenda sokoni, ananihamisha nitembee upande wake wa kulia, na nikimuuliza sababu anasema ni pikipiki. Nikiingia studio anashtuka kama mtu aliyefumaniwa.

Nilimsimulia dada yangu, ambaye ameolewa Newala. Hakufikiri sana. Alisema mwanamume aliyeacha kupiga simu akaanza kuandika ana mtu, kwa sababu maandishi hayasikiki chumba cha pili. Neno hilo lilinikaa. Nilipomwambia jina la ukoo wa yule bibi harusi, akasema kwao ni jirani, kwa nini nisije nijionee mwenyewe.

Nilimuaga mume wangu kwamba nakwenda kumsalimia dada. Akaitikia kwa kichwa tu. Hakuniuliza nitarudi lini, na hilo nalo nikaliweka kwenye hesabu yangu. Gari lilipomaliza kupanda mlima, ubaridi wa Newala uliniingia hadi ndani ya kanga, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno nitakayomwambia huyo binti.

Binti hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda kwa mumewe, Mtwara, siku chache baada ya harusi. Nilimkuta mama yake uani, anabangua korosho, vidole vimetiwa majivu visiunguzwe na mafuta ya maganda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilipojitambulisha kuwa ni mke wa fundi wa video, alinitazama kwa namna ambayo nilidhani sasa ananihurumia. Kumbe alikuwa na malalamiko yake.

Alisema ile kazi wameirudisha mara mbili. Wimbo walioutaka ni wa ngoma ya nyumbani, na walimwomba fundi picha zifuate ngoma ndogo, ile yenye mlio mkali, maana ndiyo inayowaambia wachezaji wageuke. Katika video zote mbili alizoleta, picha zilifuata ngoma kubwa. Binti yake alipokuwa akigeuka na kucheka, ngoma ilikuwa imeshapita.

"Mwanangu anacheka, lakini anachekea pasipo na kitu," akasema. "Na mumeo, mama, tunamwambia hivi, yeye anatujibu vile. Nilidhani ana dharau."

Nilirudi Masasi siku ileile. Mambo niliyokuwa nimeyakusanya yalianza kujipanga upya kichwani, na mpangilio huo mpya sikuupenda pia. Bado sikumwamini. Niliwaza kwamba huenda mtu mwenye siri anaweza kuwa na siri mbili.

Nilimkuta studio, hedifoni masikioni. Nikamwomba anipe nisikilize. Alisita, nikamvua mwenyewe na kuzivaa, na mara hiyo hiyo nikazitoa, kwa sababu sauti ilikuwa juu kiasi cha kuumiza. Nikaipunguza, nikazivaa tena. Ngoma ndogo ilikuwa inalia waziwazi, kali, mbele kidogo ya ile kubwa. Nimeicheza ngoma hiyo tangu utotoni; mguu wangu uligeuka wenyewe. Picha ikachelewa. Kwenye kompyuta, sauti ilikuwa imechorwa kama milima, na nikaona kila picha ameiweka juu ya mlima mkubwa. Alikuwa anakata picha kwa macho, si kwa masikio.

Nikazivua, nikasimama upande wake wa kushoto, nyuma kidogo, nikamwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, taratibu, kama ninavyomwita siku zote. Hakugeuka. Nikamwita tena. Alikuwa anatazama skrini.

Nikamshika bega, akageuka.

"Husikii," nikasema.

Alinitazama mdomo, si macho. Nikatambua kwamba amekuwa akinitazama mdomo kwa muda mrefu, nami nilidhani ananikwepa macho.

"La kushoto limekwisha," akasema. "La kulia linasikia sauti nzito tu. Fundi wa video asiyesikia, nani atamletea harusi yake?"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema alikuwa ananiona ninavyomchunguza, akadhani nimeshajua na natafuta namna ya kumkimbia. Nilicheka, kisha nikajikuta nalia, naye hakuelewa ni kipi kati ya viwili.

Hospitali walituambia kilichomharibu masikio ni spika kubwa za harusini. Miaka mingi amekuwa akisimama na kamera kando ya spika hizo ili apate picha za karibu, na sauti nyembamba ndizo hufa kwanza. Zilizokufa hazirudi. Walimpa maelekezo ya kulinda kilichobaki.

Kazi ya Newala tuliimaliza pamoja. Mimi nilivaa hedifoni nikawa nampiga bega kwa kidole kila ngoma ndogo ilipolia, naye anakata. Mara ya kwanza tuligombana, kwa sababu alisema namchanganya. Baadaye nikajifunza kukata mwenyewe, na yeye akabaki kuchagua picha, jambo ambalo mimi siliwezi. Mimi huona sura tu, yeye huona ipi ifuate ipi. Mama wa Newala alituma ujumbe kwamba sasa binti yake anacheka mahali pake.

Ningependa kusema shaka liliniisha. Halikunitoka haraka. Simu yake ikiwaka mezani, jicho langu bado lilikimbilia huko kabla sijalizuia, na nadhani naye aliliona. Lakini juzi alikuja mzee mmoja kutoka Lupaso kuagiza video ya harusi ya mjukuu wake. Nilikuwa sebuleni, nikamsikia mume wangu mwenyewe akimwambia, kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika, kwamba masikio yake ni mabovu na kwamba anayepanga midundo siku hizi ni mkewe.  Mzee akauliza huyo mkewe yuko wapi, amweleze wimbo.