Mguu wa Mke wa Fundi Sikio

Fundi huyu watu walimwita Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Wenzake walirekebisha taimingi ya injini, yaani wakati wa cheche kuwaka, kwa taa na vipimo. Yeye aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja, akazungusha distribyuta, kigawa cheche, kidogo kidogo mpaka injini iseme anachotaka. Magari ya wateja aliyatendea haki. La kwake aliliwahishia cheche kupita kiasi, likanguruma uani mpaka vikombe vikacheza kabatini. Majirani wakigeuka kutazama, yeye kichwa kinavimba.

Taabu ni kwamba gari hilo lilikuwa la otomatiki, na ndilo mkewe alilofanyia mtihani wa udereva. Alikwenda mara tatu, akafeli mara tatu, kwa kosa lile lile: akiweka D tu, gia ya kwenda mbele, gari linaruka kama limechomwa sindano. Mara ya mwisho lilikanyaga koni mbili na mkoba wa mkaguzi.

"Huo si mguu, mama watoto, ni tofali," Sikio alimwambia kila aliporudi, akicheka.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mguu huo ulikuwa umekanyaga cherehani miaka kumi na tano bila kupotosha mshono. Safari ya tatu alirudi macho yamevimba, akasema Jumatatu atajaribu mara ya nne, na akifeli hagusi usukani tena maishani. Sikio alitaka kucheka, akaona aibu.

Jumamosi asubuhi alifungua boneti. Injini ile alizoea kuisikiliza gari limeegeshwa, halina mzigo. Lakini kwenye otomatiki, kati ya injini na gia, kuna konveta, chombo cha mafuta kinachopokea nguvu ya injini na kuipeleka magurudumuni. Injini ikizunguka kwa utulivu, konveta husukuma kwa adabu. Ikizunguka kwa fujo, nayo husukuma kwa fujo. Mteja yeyote angeelezwa hayo bure. Mganga hajigangi.

Ilibidi airekebishe injini gari likiwa kwenye D, na mtu akanyage breki. Nyumbani palikuwa na tofali tu.

"Mimi nitasimama pembeni," alisema.

"Kama mguu wangu ni tofali, simama pembeni," mkewe alijibu kutoka kwenye usukani. "Kama si tofali, simama mbele."

Sikio akasimama mbele, magoti kwenye bampa, akisoma dua zote alizozijua na moja aliyoitunga papo hapo. Mkewe akaweka D. Gari likatetemeka, halikusogea. Sikio akairudisha distribyuta nyuma kidogo, akasikiliza, akairudisha tena, na ngurumo ikashuka ikawa mkoromo wa paka aliyeshiba. Akakaza bolti, akafunga boneti.

"Tayari! Weka P!"

Mkewe alimtazama kupitia kioo, akaiacha gia kwenye D, akainua mguu kwenye breki.

Gari likaanza kutambaa, polepole, likimsukuma magoti. Sikio akarudi kinyumenyume, mikono juu ya boneti, akapita kamba ya nguo, akapita pipa la maji. Angeweza kukwepa, lakini kukwepa kungekuwa jibu kwamba mguu ni tofali. Majirani walishatoka wote.

"Tofali liko wapi?" mkewe aliuliza dirishani.

"Hakuna tofali! Kosa ni la gari!"

Gari likaendelea. Ukuta ulikuwa umebaki hatua tatu.

"La fundi!" Sikio alipiga kelele. "Kosa ni la fundi! Nisamehe, mke wangu!"

Gari likasimama palepale, bila mtikisiko. Mkewe akashuka, akapima kwa vidole nafasi kati ya ukuta na mgongo wa mumewe. Vidole vinne.

"Nimekusamehe," alisema.

Jumatatu mkaguzi alimpa cheti huku ameshangaa. "Mama, nani amekufundisha kufunga breki vizuri namna hii?"

"Mume wangu," alijibu. "Yeye husimama mbele."