Kivinjari cha Baba

Kazi yangu Kitale ni kuwajazia watu fomu. Nina meza moja, kompyuta mbili na printa inayokohoa, na kuanzia asubuhi watu wananiletea vitambulisho vyao na kunitajia maneno yao ya siri kwa sauti, bila wasiwasi, mbele ya foleni nzima. Labda ndiyo sababu nimekuwa mtu wa kuchagua sana upande wa vivinjari, au brauza, kama tunavyosema hapa. Ninayoipenda mimi ni ile inayosahau. Ukiifunga haibaki na kitu, si jina, si neno la siri, si ukurasa uliotoka kuusoma sasa hivi. Mteja anayefuata anaikuta kama nyumba iliyodekiwa. Nimeiweka kwenye kompyuta zangu zote mbili, kwenye simu yangu, na kwenye simu ya kila rafiki aliyewahi kunikabidhi yake kwa dakika tano.

Baba alipenda kinyume chake. Alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani kwa zaidi ya miaka thelathini, akizunguka kwa pikipiki katika mashamba ya upande wa Malakisi, kwanza kwa wakulima wa tumbaku, baadaye kwa yeyote aliyemwita. Alipostaafu alirudi nyumbani, hapo hapo Malakisi, akajinunulia simu ya kugusa. Simu hiyo ilikuwa na brauza ya zamani, nyepesi, yenye herufi kubwa na matangazo mengi, na kwa miaka sita hakutumia nyingine.

Krismasi moja nilimcheka.

"Baba, hii kitu yako ni ya kitambo sana. Ona, ati unaambiwa umeshinda gari."

"Hilo gari nalishinda kila siku," alisema. "Wacha tu, mama. Mimi nimezoea hii yangu. Inafungua hata mtandao ukiwa mbaya, na inanirudisha pale pale nilipoachia."

Huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nilikuwa najua kwamba anaposema "wacha tu, mama" kwa sauti ile ya chini, mazungumzo yamekwisha. Niliacha, lakini kwa moyo wa mtu anayejua kwamba yuko sahihi na atangoja tu nafasi.

Nafasi ilikuja Pasaka. Simu yake ilikuwa imejaa, hata picha za kwaya ambazo Mama alitumiwa humo na wenzake hazikuweza kuingia. Aliniachia niitazame, akaenda nyuma ya nyumba kumwagilia kitalu chake cha vitunguu. Nilifuta video za zamani, nikafuta picha zilizojirudia, kisha nikafika kwenye brauza yake. Nilikuwa nimeshamwekea ile yangu, safi, isiyo na matangazo. Simu ikaniuliza: kila kitu kilichohifadhiwa ndani ya programu hii kitafutika, uendelee? Mimi hubonyeza "ndiyo" mara mia kwa siku. Nilibonyeza.

"Nimekusafishia simu," nilimwambia aliporudi na mikono yenye udongo.

"Ah! Asante sana, mama. Sasa itakimbia."

Sikumwambia kwamba ile yake haipo. Nilijiambia ataiona mwenyewe na ataipenda. Ukweli ni kwamba sikutaka kusikia "wacha tu, mama" mara ya pili. Nilirudi Kitale nikijiona mtoto mwenye manufaa.

Mwezi wa sita Mama alinipigia simu. Tuliongea habari za kanisa na za mvua, halafu akasema, "Baba yako siku hizi hashiki simu. Anashinda tu na yale madaftari yake ya kazi."

"Labda macho yanamsumbua."

"Si macho. Amekaa kama mtu aliyekemewa."

Sikulifikiria jambo hilo zaidi. Nilikuwa na foleni.

Nilikwenda nyumbani Agosti. Baba alikuwa mezani sebuleni, miwani puani, madaftari ya zamani yamepangwa mbele yake, yale ya jalada gumu ambayo alikuwa akiandikia kila shamba alilolitembelea. Alikuwa akisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Unatafuta nini, Baba?"

Alivua miwani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua kabisa. Nilijua alikuwa akisoma habari za kilimo kwenye simu. Sikujua kwamba alikuwa akijibu. Kulikuwa na jukwaa moja la wakulima mtandaoni, na kwa miaka sita alikuwa akiingia humo kila siku baada ya chai ya saa nne. Watu waliuliza, yeye akajibu. Walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha darasani hata siku moja. Alipolitamka jina hilo aliona haya kidogo, akashusha sauti.

"Lakini walinitoa," alisema.

"Walikutoa vipi?"

"Nilibishana na mtu. Muuza dawa fulani. Nilimwambia dawa anayowashauri watu itaunguza mimea, akakasirika. Siku tatu baadaye nikienda kuingia, nikakuta nimefungiwa nje. Nikajaribu tena na tena. Wakaniandikia taarifa zangu si sahihi."

Aliligonga daftari kwa kidole.

"Sasa nimepitia yote haya, mama. Miaka yote. Sioni nilipokosea. Lakini watu wale hawawezi kuniambia bure ati taarifa zangu si sahihi. Lazima kuna mahali."

Nimeyaona maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Taarifa ulizotoa si sahihi. Ndiyo yanayotokea mtu akikosea neno la siri. Baba hakuwa amelikariri neno lake la siri. Brauza yake ndiyo iliyokuwa ikilikumbuka kwa niaba yake, kila siku, kwa miaka sita, mpaka nilipoifuta. Na yeye, mtu wa kuamini maandishi, alikuwa ameketi miezi minne akijihukumu kwa sababu ya sentensi ya kompyuta.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Alikuwa ananitazama, na Mama alikuwa jikoni, hakuna mtu mwingine. Badala yake nikasema, "Labda ni mtandao tu, Baba."

"Labda," alisema kwa adabu, akarudi kwenye daftari.

Sina maelezo mazuri ya mwezi uliofuata. Nilijiambia kwamba nitatengeneza kwanza, kisha nitasema. Nilijaribu kurudisha akaunti yake kutoka Kitale, lakini ilifunguliwa kwa barua pepe ambayo mimi mwenyewe nilimtengenezea zamani, na barua pepe hiyo ilitaka kutuma namba kwenye laini ya simu aliyoipoteza sokoni Misikhu. Kila mlango niliogonga ulinirudisha kwenye mwingine uliofungwa. Wakati wateja hawapo, nililisoma jukwaa lenyewe, kwani kusoma hakuhitaji kuingia. Nilianza na majibu yake. Yalikuwa marefu, yenye subira, yenye maswali kabla ya ushauri. "Je, ulipanda nini hapo msimu uliopita?" "Udongo ukiukamata mkononi unashikana?" Sikuwahi kumsikia baba yangu akiongea hivyo nyumbani, au labda sikuwahi kumuuliza kitu.

Kisha nikakuta ujumbe wa mwanamke mmoja wa Endebess. Alikuwa amemwandikia Mwalimu kwa jina, mbele ya wote, mwezi wa sita. Mahindi yake yana mistari ya njano, imeanzia majani ya chini, je, ni ule ugonjwa unaomaliza shamba? Siku mbili baadaye: Mwalimu, bado nakungoja. Baada ya hapo: Mwalimu, uko salama? Watu wengine walimjibu, yule muuza dawa akiwa mmojawapo, kwamba ndiyo, ni ugonjwa, akate yote kabla haujaambukiza shamba la jirani. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa mfupi. Nimekata. Nimewapa ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Malakisi. Nilimkuta Baba akinoa jembe uani, na nikasema kabla sijaketi, kwa sababu nilijua nikikaa nitaletewa chai, na nikishaletewa chai nitaogopa.

"Baba, hawakukutoa. Ni mimi. Pasaka nilifuta ile brauza yako, na neno la siri lilikuwa ndani yake. Yale maneno ya taarifa si sahihi, yalikuwa ya neno la siri tu. Nilijua tangu Agosti. Nikanyamaza."

Aliweka tupa chini. Nilingoja hasira, na nadhani niliitaka.

"Kwa hivyo sikukosea?" aliuliza.

"Hukukosea, Baba."

Alitoa pumzi ndefu, akajifuta uso na mkono wa shati. Alifurahi. Nimewahi kugombezwa na mzee huyu, nimewahi hata kuchapwa na yeye nikiwa mdogo, na hakuna lililoniuma kama furaha ile.

Hasira ilikuja baadaye, nilipomwonyesha ujumbe wa Endebess. Aliusoma mara mbili, akiisogeza simu mbali na macho.

"Majani ya chini," alisema. "Si ameandika hapa? Ya chini. Ule ugonjwa unaanzia majani machanga, huko juu. Haya mahindi yalikuwa na njaa. Udongo umeishiwa. Yangetibika." Akanirudishia simu. "Endebess si ni hapo kwako?"

"Ndiyo."

"Basi enda umwambie. Si kwa simu. Enda."

Nilimwandikia mwanamke yule kwa jina langu mwenyewe, nikasema mimi ni binti wa Mwalimu. Alijibu papo hapo, akanielekeza kwake. Alikuwa mama wa umri kama wangu, mjane kijana, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kabla hajazaliwa. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Nilipokuwa bado natafuta maneno ya kuanzia, alinishika bega.

"Pole sana, dada. Mzee alikufa lini?"

"Hajakufa."

"Haiya!" Alirudi nyuma hatua moja. "Na si nimemwombea? Hata kikundi chetu cha kanisa kilimwombea!"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianza na brauza, ambayo yeye hakuiona inahusiana vipi na mahindi, mpaka nikasema wazi kwamba mimi ndiye niliyefuta kitu cha Baba bila kumuuliza, na ndiyo sababu hakumjibu. Na kwamba mahindi yake hayakuwa na ugonjwa.

Alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha. Ilikuwa nusu ekari, sasa ina maharagwe yaliyochelewa, na mabua yaliyokatwa bado yameshika ardhi kati ya mistari.

"Nilikata mwenyewe," alisema. "Siku mbili. Nikilia, bana, kama mtu wa matanga. Mahindi yalikuwa yamenifika hapa." Aliweka mkono kifuani. "Na unajua nilifikiria nini kwanza, kabla sijafikiria amekufa? Nilifikiria amenichoka. Mimi nilikuwa na maswali mengi sana."

"Nisamehe," nilisema.

"Nimesikia," alijibu. Hakusema amesamehe, na sikuthubutu kuuliza tena.

Kisha akataka kumsikia. Nilipiga namba ya Baba, nikampa simu. Hawakuwa wamewahi kusikiana sauti. Alianza kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," kisha akacheka, kisha akaanza kutembea na simu yangu kando ya shamba akiinama kuchukua udongo, akiufinya, akimwambia unavyoshikana na usivyoshikana. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki zaidi ya nusu saa. Aliporudi alinipa ujumbe wa mdomo kutoka kwa baba yangu mwenyewe: nipite dukani nimtafutie yule mama chokaa ya shamba, ya kutibu udongo, nimletee wiki ijayo. Nilimletea. Nilisaidia kuimwaga pia, kwa mikono, na ngozi yangu ilikauka siku nzima.

Baba nilimrudishia brauza yake ile ile ya zamani. Akaunti haikurudi. Tulimfungulia nyingine, na majibu yake ya miaka sita yamebaki kule chini ya jina ambalo hawezi tena kuthibitisha kuwa ni lake. Yule mama wa Endebess aliwaandikia wote kwamba Mwalimu yuko hai na amerudi, baadhi wakashangilia, lakini watu huja na kuondoka kwenye majukwaa hayo, na wengi hawakumjua.

Ninalisoma bado lile jukwaa, Kitale, kati ya mteja na mteja, kwa brauza yangu inayosahau. Sijaiacha, kwa kazi yangu ni nzuri, na kuiacha kungekuwa maonyesho tu. Wiki iliyopita mtu fulani aliuliza habari ya viwavi kwenye mahindi, na Baba akamjibu kwa urefu, kwa maswali yake yale. Chini yake kijana mmoja akaandika: wewe mzee ni mwanachama mpya hapa, waachie wenye uzoefu.

Niliweka vidole kwenye kibodi. Niliandika mistari minne, nikaifuta. Nilipofungua tena jioni, Baba alikuwa amemjibu: "Sawa, asante." Na chini ya hayo, kwa yule wa viwavi, alikuwa ameongeza swali moja. Mayai umeyaona upande gani wa jani?