Saa Kumi na Mbili na Dakika Kumi

Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa Mwingereza, mwanamke mrefu mwenye gari dogo la bluu, aliyefundisha shule yetu ya wasichana karibu na Mbumbuni katika miaka ya sabini. Akisema anaondoka, alikuwa anaondoka. Naliandika hilo kama jambo la ajabu kwa sababu kwetu lilikuwa la ajabu.

Sisemi habari ya saa za Waingereza kuanza kuhesabiwa usiku wa manane na zetu jua likichomoza. Hilo tulilimudu, mtu alitoa sita au akaongeza sita, basi. Kilichotushinda ni dakika. Sisi tuliondoka asubuhi, au tukishakunywa chai, au jua likipungua ukali. Waingereza waliondoka na dakika kumi, na kasorobo, na dakika ishirini na tano, na walizitaja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia njia ya kwenda dukani.

Tena kwetu mgeni akisema, "Haya, mimi naenda," hapo ndipo ziara inaponoga. Mama atashtuka, "Hata chai?" Maji yatabandikwa. Lile jambo lililomleta mgeni, ambalo hakuligusa tangu aingie, litatoka sasa. Kisha maombi, kisha kusindikizwa. Anayekwenda mbali alisindikizwa mpaka mtoni, mto wetu wa mchanga ulio mbele ya njia panda, kwenye barabara ya kwenda Machakos. Kumwacha mtu mlangoni ilikuwa ni kumwambia asirudi.

Mwalimu alikuja kwetu mara moja, akanywa kikombe chake, akasema ana dakika tano. Dakika tano zilipoisha alikuwa wima, mkono ameunyoosha. Mama aliushika ule mkono asijue aufanyie nini. Mwalimu alipokwenda, mama akaniuliza kwa Kikamba, "Kwani nani amemkosea?"

Nilipomaliza shule niliitwa Machakos kwa mahojiano ya chuo cha uuguzi. Nilitakiwa kufika saa tatu asubuhi, na basi letu lilikuwa likifika huko saa tano likiwa na bahati. Mwalimu akasema atanipeleka. Tukutane njia panda, gari linaondoka saa kumi na mbili na dakika kumi. Nikamweleza mama hivyo hivyo, na mama, kama mtu yeyote wa kwetu, akaelewa kwamba saa kumi na mbili na dakika kumi ndipo kuaga kutakapoanza.

Mzee wa kanisa alifika nyumbani alfajiri hiyo. Aliniombea mimi, akamwombea dereva, akaombea magurudumu yote manne, akapitia serikali, akamalizia na mvua. Nilifumbua jicho moja nikaona kumepambazuka. Tulifika njia panda nusu saa baadaye, mama na kiondo chake cha muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kichwani, na mwenye kibanda cha chai akatuambia gari lilikuja, likasimama, likaenda.

Nilikasirika mwaka mzima, na sitasema uongo kwamba nilikasirika kwa adabu. Nilimkasirikia mwalimu, aliyekuja jioni ile kutupa pole huku akirudia kwamba alisema dakika kumi. Nilimkasirikia mzee wa kanisa kila alipofumba macho. Zaidi nilimkasirikia mama, nikateka maji bila kumwongelesha, nikapiga kunde kama ndizo zilizonikosea. Yeye hakujitetea. Siku moja tu, tukipepeta, alisema, "Ni mimi nilimwita mzee." Sikumjibu, na leo naona haya.

Mwaka uliofuata niliitwa tena. Barua ilisema hii ndiyo nafasi ya mwisho kwa majina ya mwaka wangu. Mwalimu alikuwa akifungasha arudi kwao, lakini akasema atanipeleka, njia panda ile ile, saa ile ile.

"Amesema saa ngapi?" mama akauliza.

"Kumi na mbili na dakika kumi."

"Na anamaanisha hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, mwaitu," nikamwambia mama.

Siku mbili kabla ya safari, saa tisa mchana, nikiwa bado na udongo wa shamba miguuni, nikakuta watu wamejaa uani. Mzee wa kanisa, shangazi zangu, majirani. Mama alikuwa amepika. Nikaombewa pale, mchana kweupe, magurudumu na mvua na yote, na kila mtu akasema la kwake mpaka likaisha. Nilidhani mama amechanganyikiwa. Nani huaga mtu ambaye kesho bado yupo?

Asubuhi ya safari hatukuaga mtu. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa njia panda, mama na mimi, na chupa ya chai. Gari likatokea mapema kidogo. Mwalimu akazima injini, akashuka, akatazama saa yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Mama, mimi iko na dakika saba. Naomba chai." Nadhani naye alikuwa amefikiria mwaka mzima. Wakanywa kwa kupokezana kifuniko cha chupa, hawana lugha ya kuongea, na mimi nikiwatazama.

Kisha mama akafungua mlango wa gari. "Haya, ingia."

Basi. Hakunishika mkono, hakulia, hakupiga hata hatua moja ya kunisindikiza. Niligeuka nikamwona amesimama palepale anafunga chupa. Nililia mpaka tukapita Okia, nikijiambia kwamba hajanisamehe ule mwaka wa kununa. Machakos tulifika mapema, nikawa wa nne kwenye foleni. Nilichukuliwa. Kazi niliyoifanya baadaye, watoto niliowapokea hospitalini Mwingi na kwingineko, vyote vilipitia asubuhi ile.

Niliporudi likizo ya kwanza, basi lilinishusha njia panda. Mwenye kibanda cha chai akanikaribisha, akaniuliza habari za chuo, kisha akasema, "Lakini mama yako siku ile alinishangaza. Gari limeshaenda, vumbi limetulia, yeye anashika barabara anafuata. Nikamwita, nikamwambia mama, hutalipata hilo. Akaniambia najua. Akaenda mpaka mtoni, akasimama huko kidogo, akarudi."

Niliacha chai yangu mezani. Nyumbani nilimkuta mama akichambua maharagwe, nikakaa chini kando yake nikamwambia asante, ile asante niliyokuwa nimeibana zaidi ya mwaka. Nikamuuliza kwa nini alikwenda mtoni peke yake.

Hakuinua hata macho kwenye ungo. "Dakika zilikuwa zako, sikutaka kuzigusa," akasema. "Lakini kukusindikiza, nilikusindikiza. Ni wewe tu hukuwepo."