Shimo Lililovimbiwa

Rukmini Adhikari hakuona haya, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Siku alipounganisha bomba la choo na shimo linalogeuza kinyesi cha ng'ombe kuwa gesi ya jiko lake, kijiji kizima kilipata la kusema. Kwenye bomba la maji alimkuta jirani yake Sabitri, ambaye naye ana shimo la gesi, ila lake halijui choo, ni kinyesi cha ng'ombe kitupu.

"Shoga, leo mmepika nini?"

"Wali na dengu."

"Hicho ndicho mlichopika. Nauliza mmepikia nini!"

Wanawake wakaangua kicheko. Rukmini akajaza mtungi wake taratibu. "Nimepikia kile kile unachokiacha kichakani kila alfajiri, Sabitri. Ila changu kinachemsha chai." Akaenda zake. Huyo ndiye Rukmini: hamwanzi mtu, lakini ukimwanza atakumaliza.

Wala hakulijenga shimo lile kwa kujionyesha. Alilijengea kifua cha mama mkwe wake. Bi Dhankumari alipika kwa kuni tangu utotoni, na daktari wa zahanati hakumficha: ama aache moshi, ama moshi umwondoe. Mume wa Rukmini yuko Malesia kikazi, kwa hiyo mwanamke alichimba mwenyewe, fundi akajenga, ng'ombe wawili wakalilisha. Mama mkwe hakuwa na neno. Kinyesi cha ng'ombe kwake ni kitu safi, husiriba nacho mahali pake pa sala. Akala, akasifu, kikohozi kikapungua.

Kisha ng'ombe mmoja akafa na moto ukafifia. Rukmini akaunganisha choo, akaongeza maganda na makombo, moto ukarudi. Mama mkwe alipojua, aliinua sahani yake akarudi kwenye kibanda cha kuni.

"Mama, moto ni moto."

"Moto ni moto, na mavi ni mavi. Miungu yangu siilishi hivyo."

"Na kifua chako?"

"Kifua ni changu. Wewe shika jiko lako."

Basi Rukmini akawa anakula peke yake mbele ya moto mzuri wa buluu, huku ng'ambo ya ukuta anasikia kho, kho, kho. Iliuma, jamani.

Ikaja Dasaini, sikukuu kubwa ya Wahindu wa kwao. Ndugu wakafurika, mbuzi akachinjwa, na Rukmini, hapa simtetei, akalewa sifa. Wageni walipolistaajabia shimo aliwaambia, "Mwageni humo! Halibagui!" Wakamwaga wali, mchuzi, achari, mtindi, hadi mafuta ya kukaangia. Sikukuu haijaisha, jiko likawa linapuliza tu, haliwaki, na shimo linanuka uchachu wa kukata pua. Sasa wageni wapikiwe na nani? Na mama mkwe, kwenye moshi ule ule, akikohoa juu ya masufuria ya ukoo mzima.

Walipoondoka, Rukmini alikaa ukingoni mwa shimo akalia. Hakulilia jiko. Alijenga ili amtoe mama moshini, na kwa ujinga wake akamrudisha humo humo, tena na mzigo.

Mama mkwe akaja na fimbo yake, akainama kwenye tundu la kulishia, akanusa.

"Limevimbiwa, maskini. Umelishindilia kama mtoto wa sikukuu."

"Limekufa, mama."

"Nani kakwambia? Mtindi ukiharibika unafanyaje?"

"Naomba kijiko cha mtindi mzuri kwa jirani, naanza upya."

"Basi?"

"Jirani mwenye shimo ni Sabitri."

Mama mkwe akajitanda shali. "Kwani Sabitri anauma?"

Huko Sabitri alimwuliza, "Hata wewe, Bi Dhankumari, umekuwa wa chooni?" Bibi akamjibu, "Nijazie ndoo. Maneno baki nayo." Sabitri mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya, na alipofika hapo alikuwa hacheki.

Bibi alirudi na ndoo ya uji mzito wa kinyesi kilichochacha kutoka shimo la Sabitri, anakohoa na hataki kusaidiwa. Mwanamke anayeoga upya akipita tu karibu na choo! Aliinama juu ya shimo lile, akamimina kwa mikono yake, ukamrukia hadi kwenye sari. Kisha akatoa amri: makombo marufuku kwanza, kinyesi kibichi kidogo kidogo. Siku zilizofuata ndoo aliibeba Rukmini, naye Sabitri aliijaza pomoni.

Wiki zikapita. Asubuhi moja kiberiti kiligusa jiko, buluu ikashika, ikatulia. Rukmini akabandika chai ya maziwa. Kugeuka, mama mkwe yuko mlangoni, amevua viatu. Hakuwa amekanyaga jiko lile tangu siku ya sahani. Akaketi, akapokea glasi, akanywa.

"Moto wako niliukataa, mwanangu," akasema. "Wewe sikukukataa hata siku moja. Ulidhani nini?"

Rukmini alijifuta macho kwa upindo wa nguo. "Na miungu, mama?"

"Miungu nitaipikia kwa kuni, siku zake zikifika. Mimi si mungu. Ongeza chai."