Orsola wa Tiorba

Kwetu Venisi, binti aliyeokotwa akalelewa kwenye nyumba ya yatima hana jina la baba. Akiingia kwaya hupewa jina la ala anayopiga, na hilo ndilo huzikwa nalo. Kuna Bettina wa Fidla, kuna Lugrezia wa Kinanda. Orsola alikuwa wa Tiorba.

Tiorba ni ala ya nyuzi kama udi, ila shingo yake ni ndefu kumpita Orsola mwenyewe. Akipita mlangoni nayo, lazima aiinamishe kwanza, ndipo naye aingie. Wasichana walizoea kusema, "Tiorba hiyo, inampeleka Orsola kanisani." Yeye hucheka kuliko wote. Akiwa na raha huwasimulia jinsi mabwana wa Florensi walivyotaka maneno ya wimbo yasikike, wakaacha sauti moja iimbe na tiorba iishikilie kwa chini.

"Muziki huu wote mnaojivunia," husema, "umekalia mgongo wangu."

Baada ya Pasaka, Maestro, mwalimu wa kwaya, alirudi na muziki mpya wa mtindo wa Corelli, yule mtunzi wa Roma. Akamwita Orsola pembeni, huku anachezea vifungo vya koti lake.

"Siora Orsola, tiorba sasa ipumzike. Siku hizi watu wanataka selo, ile fidla kubwa ya sauti nene."

"Ikipumzika, mimi nitaitwa nani?"

"Si utaitwa Orsola?"

"Kina Orsola humu wapo tele, Maestro. Mmoja wa kufua, mmoja wa kushona lesi."

Maestro akacheka, kisha akaona Orsola hacheki. Asiye na ala hurudi upande wa mabinti wa kawaida, na kwenye kwaya haingii tena. Maestro akakohoa. "Kiti cha nyuma kwenye selo kipo wazi. Meneghina atakufundisha kuvuta upinde."

Meneghina! Mtoto aliyefunzwa kusoma noti na Orsola huyo huyo, tena kwa kufinywa sikio.

Siku hiyo Orsola hakugusa sima yake. Bettina akamnong'oneza jirani, "Tumwite Orsola wa Kabatini, maana tiorba imeshafungiwa humo." Orsola alisikia. Asubuhi akabeba kiti chake mwenyewe, akakaa mbele ya Meneghina.

"Siora, upinde si mwiko wa sima. Usiukamate hivyo."

"Na wewe si mama yangu. Endelea."

Akavuta. Bettina akapaza sauti toka dirishani, "Jamani, nani kakanyaga paka?"

Vidole vya kushoto vilitii upesi. Mkono wa kulia ndio uliokuwa mkaidi. Hata ulipotii kidogo, siku ya kwanza ya mazoezi pamoja na wenzake aliharibu. Juu ya noti za chini huandikwa namba, na mpiga tiorba akiziona hujaza sauti nyingine mwenyewe. Orsola kaziona, akazijaza zote kwa upinde. Selo ikakoroma. Maestro akainua mkono, muziki ukakatika.

"Siora, namba mwachie Lugrezia kwenye kinanda. Wewe piga noti ya chini tu."

"Moja tu? Na hizi nyingine nizipeleke wapi?"

Hakuna aliyecheka, hata Bettina. Macho ya Orsola yalikuwa yamejaa machozi.

Meneghina akamwegemea. "Ziimbe kimoyomoyo, Siora. Mimi nitajua zipo."

Sikukuu ya Kupaa ilipofika, Mama Priora, mkuu wa nyumba, alisimama kusoma majina ya watakaopanda jukwaani, nyuma ya wavu wa chuma unaowaficha wasionekane na watu. Akasoma la Bettina, la Lugrezia, la Meneghina. Kisha akakwama.

"Orsola wa..."

Orsola akasimama, kainamisha kichwa kama anayepita mlangoni.

"Wa Selo, Mama Priora. Ila bado naichukia."

Wasichana wakaangua kicheko, Priora naye akaficha mdomo kwa kiganja. Bettina ndiye aliyembebea ala mpaka juu, bila kuombwa. Huko kiti cha nyuma kilikuwa kimejificha nyuma ya nguzo, na Meneghina akakisogeza ubavuni pake.

"Kaa hapa umwone Maestro."

"Usinivute, mwanangu, nitaanguka," alisema Orsola, akakaa. Maestro alipoinua mkono, alipiga noti yake moja, kisha nyingine, huku midomo yake ikicheza bila sauti. Meneghina alikuwa anaitazama hiyo midomo, akapitwa na zamu yake ya kuingia.

"Wewe, noti!" Orsola akamfinya sikio.