Mapacha wa Chelagat na Daftari Langu la Mwaka Mmoja

Kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, nayo ni siku ya soko kule Olenguruone, nilipokuwa muuguzi mchanga, miezi mitatu tu tangu nitoke chuoni. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya pareto. Nilikuwa peke yangu zahanati, kwa maana Sista Rael, mkunga wetu mkuu, alikuwa ameenda kumwona mgonjwa nyumbani kwake, nami nilijiona najua kila kitu.

Akaingia mama mmoja aliyeitwa Chelagat, mkulima wa viazi, mwenye mimba ya tano. Aliomba barua ya kwenda kujifungulia hospitali kubwa Nakuru, akisema tumboni mna wawili. Wakati huo hatukuwa na mashine ya picha. Tulikuwa na mikono yetu na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto. Nilisikiliza, nikasikia moyo mmoja, nikaridhika.

Basi nikaanza kumfundisha. Nilimweleza kwamba mapacha hawazaliwi kwa kiasi kimoja duniani, kwamba Afrika Magharibi ni wengi sana na Asia ya mashariki ni wachache. Hayo yalikuwa kweli, na ni kweli hata leo. Kisha nikaongeza langu. Nilimfungulia daftari la uzazi la mwaka ule, nikamwonyesha kwamba hapakuwa na pacha hata mmoja, kwa hivyo huku mlimani si kwa mapacha, yeye ana mtoto mkubwa tu.

"Sista, mimi nimezaa wanne," akaniambia kwa upole. "Najua vile mtoto mmoja hukaa. Na mama yangu alizaliwa pacha."

Nikamwambia arudi nyumbani. Akaenda zake, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Sista Rael aliporudi nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Aliniuliza umri wa yule mama, amezaa mara ngapi, na habari za upande wa mama yake.

"Ulikuwa unampima nani," akasema, "huyu mama ama mlima mzima?"

Mwanangu, nilitoka mbio. Nilikimbia na yunifomu yangu nyeupe kwenye matope ya soko, nikiuliza kila muuza viazi. Nilimpata ameketi juu ya gunia, ameshika kiuno, uchungu umeanza kabla ya wakati wake. Nakuru sasa ilikuwa mbali mno. Dereva mmoja wa pikapu akashusha mizigo yake mara moja, tukamrudisha zahanati, na tulipofika Sista Rael alikuwa ameshatandika blanketi mbili.

Msichana alitangulia, akilia. Nyuma yake akaja mvulana, miguu mbele, mdogo, kimya kabisa. Sista alinikabidhi. Nikamfuta, nikamsugua mgongo, nikamsugua tena, hadi kifua kikainuka na sauti ikatoka, nyembamba kama ya paka. Nililia kumshinda! Wanawake wa soko waliojaa nje ya dirisha walipiga vigelegele hadi bati likatetema. Chelagat alinishika mkono. Hakunilaumu hata kwa macho, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wiki iliyofuata Sista Rael alinipa madaftari yote ya zamani niyasome. Kumbe! Kulikuwa na miaka mapacha hawakuonekana kabisa, na miaka waliyofuatana kama wamealikana. Mahali padogo kama pale, mwaka mmoja hauwezi kukueleza kitu. Nikaona pia kwamba mama zao wengi walikuwa wa umri mkubwa kidogo, au wamezaa mara nyingi. Jambo hili likanishika moja kwa moja. Nilipohamia kliniki moja ya mtaa wa Rhonda, mjini Nakuru, kila mama wa mapacha nilimdadisi mpaka wenzangu wakanicheka. Na sasa mambo yanabadilika tukiona: wanawake wengi wanachelewa kuzaa, wengine wanasaidiwa na madaktari kupata mimba, na katika nchi nyingi mapacha wameongezeka. Lakini wale wa yai moja, wanaofanana mpaka baba anawachanganya, hao huzaliwa karibu sawa kila mahali. Nikilifikiria hilo bado nasisimka, na uzee wangu huu.

Kwa hivyo nisikilize, wewe unayeanza kazi hii. Soma takwimu na uzipende, zitakuonyesha pa kupeleka vitanda na dawa. Lakini takwimu husema habari za watu wengi, na mbele yako ameketi mmoja. Muulize umri wake na uzazi wake na ukoo wa mama yake, na akikwambia anachosikia mwilini mwake, mpime tena. Ukigundua umekosea, mkimbilie, usikae kulinda jina lako.

Mungu akupe masikio yanayosikia na mikono ya upole, mwanangu, na watoto wote utakaowapokea, waje mmoja mmoja au wawili wawili, akuwekee wafikie uzee.